Chumba cha Juu, Nyumbani kwa Bi Thureya

Mwezi uliopita Hamad alikuja Pemba kwa mapumziko, na Faki akatuita nyumbani kwake Wete tule chakula cha mchana. Nilikuwa sijamwona Hamad miaka mingi. Anaishi Maskati, ana tumbo, ana miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani kwa kamba kama ya mwalimu mkuu, na ndevu zake zimewahi kuwa nyeupe kabla ya nywele. Nilidhani tutaanza na salamu ndefu, watoto, wazee, waliotangulia na waliobaki. Hamad alivua viatu mlangoni, akanitazama, akasema, "Zuwena, bado tu unaandikia ile edita yako ya kimasikini?" Nikamjibu, "Bado. Na wewe bado unasubiri yako ifunguke?" Faki akacheka mpaka akashika mlango, kisha akasema ifunguke isifunguke, sisi sote wawili hatujui kupanga mistari na hatukujua tangu zamani. Mkewe, Salha, alikuwa anakuja na sinia la wali. Akasimama nalo mkononi, akasema, "Subhanallah, hamjaulizana hata hali!" Alisema kweli. Tulikula ngisi wa nazi na achari ya embe mpaka ikaadhiniwa alasiri, na muda wote ule hatukuzungumza ila programu, kompyuta zilizotufia mikononi, wakubwa wa kazi waliotusumbua, na vijana wa siku hizi ambao kila kitu wanakipata kwa kuuliza tu. Nilirudi Chake, ninakofundisha, na moyo mweupe kama mtu aliyetoka harusini. Nikaona niandike, maana siku hizi nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba mazungumzo ya namna ile, ya edita tunazoandikia programu na lugha za kompyuta na nafasi mwanzoni mwa mstari, yaliwahi kuwa kimbilio letu, wananitazama kama ninayesimulia hadithi za majini.

Habari za kwetu nitaziacha, ukoo na nilikozaliwa na nani alinisomesha. Hazina kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta Dar es Salaam, kazi sijapata, na nikasikia kuna mradi wa afya unatafuta waandishi wa programu Pemba. Nilikwenda nikiwa na nia ya kukaa miezi michache tu, huku nikisubiri bara waniite. Mradi ulikuwa na ofisi kubwa Chake, lakini sisi waandishi wa programu tulipangiwa chumba Wete, kwa sababu ofisini hapakuwa na nafasi na, nadhani, kwa sababu hakuna aliyejua hasa tunafanya nini. Kilikuwa chumba cha juu katika nyumba ya Bi Thureya, mama wa makamo, mjane, wa moja ya zile familia za asili ya Omani ambazo zamani zilikuwa na mashamba na sasa zina majina tu na milango mizuri. Sakafu ilikuwa ya mbao, na ukitembea kwa nguvu vumbi huangukia sebuleni kwake chini. Madirisha mawili yaliangalia barabara inayoshuka bandarini. Tuliwekewa meza tatu, kompyuta tatu za mezani zenye skrini nzito kama magunia ya mchele, feni moja isiyogeuka shingo, na masanduku matatu ya betri ya kushikilia umeme ukikatika. Umeme ulikatika kila siku. Ukikatika tu, masanduku yale yalilia kwa pamoja, piii, piii, na sisi sote tulipiga ukelele mmoja, "Hifadhi!" kila mtu akikimbilia kuhifadhi kazi yake kabla betri hazijaisha. Baada ya wiki moja Bi Thureya naye akawa anapiga ukelele uleule kutoka jikoni, "Hifadhi wanangu! Hifadhini!" kisha tunasikia anakokoa makaa, kwa kuwa alijua tutashuka kunywa chai.

Faki ndiye aliyekuwa mkubwa kwetu. Alikuwa amefanya kazi Dar miaka kadhaa, mtu mrefu, mpole, anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku ambazo hapakuwa na umeme wa kupigia pasi. Sikuwahi kujua alifanyaje. Hamad alikuwa wa Msuka, kule kaskazini mwisho kabisa, mchezaji wa mpira, mdomo haumkai. Kila mmoja alikuwa na dini yake ya kazi. Faki aliandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java na kuamini kuwa kila kitu lazima kipangwe kabla ya kuguswa. Hamad aliandika kwa nyengine, PHP, na kuamini kuwa ukianza tu, mambo yatajipanga yenyewe. Faki akitaka kusogeza mstari ndani aligonga kitufe cha nafasi mara nne, ta-ta-ta-ta, kama anayetwanga kisamvu. Hamad aligonga kitufe kimoja cha kurukia, kinachousogeza mstari kwa mpigo mmoja, akamwuliza, "Yakhe, mbona wajitesa? Hicho kitufe kimewekwa cha nini?" Faki akajibu bila kugeuka, "Kimewekwa kwa wavivu, wapate kujulikana." Mimi nilitumia edita nyepesi isiyo na rangi wala mapambo, na kwa jambo hilo pekee wote wawili walikubaliana: walikubaliana kunicheka. Zao zilikuwa kubwa, za kisasa, na asubuhi walizifungua, wakashuka kunywa chai, wakirudi ndiyo kwanza zinafunguka. Mimi nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima. "Zuwena aandika kwa mkaa ukutani," Hamad alisema. Nikamjibu, "Na wewe unasubiri ukuta ujengwe."

Ndani ya wiki ya pili Bi Thureya alianza kutununia. Chai ikaja bila mchaichai, vikombe vikagongwa mezani. Muuza halua wa jirani, ambaye alikuwa hatuachi tupite bila kutuonjesha kipande, akawa anaangalia pembeni. Hatukuelewa. Siku moja Bi Thureya akapanda ngazi mwenyewe, taratibu, mkono kiunoni, akasimama mlangoni. "Wanangu," alisema, "mie nimewapokea kwa wema. Lakini semeni kweli. Mmetumwa?" Faki akasimama kwa heshima, akamwuliza tumetumwa na nani. "Kila siku nasikia huku juu: kodi yako mbaya, kodi yangu safi, hiyo kodi ifute uanze upya. Nimepangisha watu wa kodi ndani mwangu, na majirani wote wameshajua!" Hamad alicheka mpaka akateleza kitini. Faki ndiye aliyemweka chini, akamgeuzia skrini, akamwonyesha yale maandishi, akamweleza kuwa kodi kwetu ni maneno tunayoiandikia kompyuta ili itutii, na hayahusiani hata kidogo na serikali kumdai mtu. Bi Thureya alitazama mistari ile muda mrefu. "Na yatii?" akauliza. "Siku nyengine," Faki akasema. Jioni ile tulipata chai yenye mchaichai, na mkate wa kumimina, na kesho yake muuza halua alipita akicheka peke yake.

Lakini ilikuwa kweli kwamba watu wa Pemba mwaka ule walikuwa na sababu ya kuogopana. Uchaguzi ulikuwa umepita, na ulikuwa umeacha kisiwa vipande viwili. Vyama vilikuwa vingi kwa jina, lakini kijijini vilikuwa viwili tu: chetu na chao. Watu walisusiana. Kulikuwa na duka la hawa na duka la wale. Mtu aliacha kwenda harusini kwa mtoto wa mamake mdogo. Walikuwapo hata waliosusiana maziko, na hilo lilikuwa jambo ambalo wazee walisema hawajaliona katika umri wao. Kaka yake Hamad alikuwa kiongozi wa tawi la chama kimoja huko Msuka, mtu anayesikilizwa. Baba yake Faki alikuwa sheha wa kijiji kimoja nje ya Wete, na sheha ni mtu wa serikali, apende asipende. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa imesusiwa na karibu kijiji kizima. Duka la pale halikumuuzia mama yake Faki hata kibiriti. Kila jioni tuliona Faki anafunga mfuko nyuma ya baiskeli: sukari, chumvi, mafuta ya taa, vitu ambavyo mtu hununua mlangoni pake. Siku ya kwanza kabisa, tulipokabidhiwa ufunguo, Bi Thureya alikuwa ametuambia sharti moja tu la nyumba yake: "Siasa iacheni chini na viatu. Mie nimeshaona zamani inavyofanya, sitaki kuiona tena." Hakusema aliona nini na sisi hatukumwuliza, Pemba na Unguja kuna mambo ya zamani ambayo mwenyewe akitaka atayasema, asipotaka huyachokoi.

Kwa hiyo tukazungumza kazi. Ninapofikiri sasa, naona tulizungumza kazi kuliko watu wowote niliowahi kufanya nao kazi, na kwa sauti kubwa, na kwa hasira ya kweli, kwa sababu hasira ile ilikuwa haina pengine pa kwenda. Hamad na Faki waligombana wiki nzima juu ya majina. Mradi wetu ulikuwa kuandika programu ya kliniki za mama na mtoto, ili muuguzi ajue ni mtoto yupi amekosa chanjo na yupi hakuja kupimwa, na wakubwa wa mradi walituletea mfano kutoka ng'ambo: jina la kwanza, jina la ukoo, basi. Tuliutazama mfano ule tukacheka sote watatu. "Kwetu Msuka," Hamad alisema, "nikiita Hamad Juma Hamad njiani, wageuka nusu ya kijiji na punda mmoja." Faki akataka tuongeze jina la mama. Mimi nikataka tuongeze jina la bibi. Hamad akataka lakabu, kwa sababu Pemba mtu anajulikana kwa lakabu kuliko jina. "Lakabu!" Faki akasema. "Utaandika kwenye programu ya afya Juma Jongoo?" "N'taandika, mwenyewe aitika!" "Na mtoto wake?" "Mtoto wa Jongoo!" Bi Thureya akasikika chini, "Huyo Jongoo wa Msuka nilimjua babake, watu wema sana." Mwisho tuliweka vyote, jina la mama na lakabu, na nafasi ya lakabu Faki aliiandikia neno la heshima, "Anajulikana kama". Niliona baadaye programu za gharama kubwa zisizo na kitu kama hicho, nikazionea huruma.

Katikati ya mwaka niliitwa Dar. Kampuni moja ilitaka nianze kazi haraka, mshahara mzuri, ofisi yenye kiyoyozi. Niliwaeleza wenzangu tukiwa tunakula muhogo wa nazi kwenye ngazi ya nyuma, ambako kulikuwa na upepo. Hamad alisema, "Nenda, mwanamke we! Huko umeme haukatiki, utasahau hata neno hifadhi." Faki akauliza wanatumia lugha gani ya kompyuta huko. Nikamtajia. Akakunja uso, akasema mtu hawezi kuishi kwa kiyoyozi peke yake. Tukacheka, mazungumzo yakaenda kwengine, kwenye kasi ya mtandao wa simu, jinsi Hamad alivyoacha faili linashuka usiku kucha na asubuhi akakuta limekatikia ukingoni. Mimi nikabaki nawasikiliza. Nilikuwa nimesoma katika darasa zima la wanaume walioniita "dada" kwa namna ya kuniambia nisogee, na hapa palikuwa na wawili ambao walikuwa wananitukana kazi yangu kila siku kama wanavyotukanana wao, sawa kwa sawa, bila kupunguza. Niliona nikienda Dar nitapata kila kitu isipokuwa hicho. Kesho yake nilipanda posta nikapiga simu nikasema siji. Wenzangu sikuwaeleza sababu, na mpaka leo hawaijui. Hamad anaamini nilikaa kwa sababu ya mikate ya Bi Thureya, jambo ambalo nalo si la uongo.

Tulianza kujaribu programu kwenye kliniki. Tulikwenda Msuka, tukaenda Kojani, na mwisho Fundo, kisiwa kidogo mbele ya Wete, kompyuta tumeizungushia godoro na nailoni ndani ya boti ya mashine, Faki ameikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Muuguzi wa Fundo alikuwa Salha, binti wa pale pale, mwenye sauti ya chini na macho ya kuchungulia. Programu ilikwama mbele yake siku ya kwanza. Badala ya kutucheka alivuta kiti, akasema, "Basi nifundishe kinachoikwamisha." Faki akamfundisha. Akaenda tena wiki ya pili kumfundisha, na ya tatu, na ya nne. Hamad akaniuliza kwa sauti kubwa kusudi, "Zuwena, hivi ile programu ya Fundo bado tu ina kasoro? Ya Msuka siku moja, ya Kojani siku moja, ya Fundo kila wiki!" Faki akagonga nafasi zake nne kwa kishindo. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Posa ilipelekwa, ikakubaliwa. Baba yake Salha alikuwa mtu wa bahari, mnyoofu, hakujali chama cha mtu, lakini aliweka sharti moja: harusi iwe ya watu. "Binti yangu haolewi kwa kificho," alisema. "Bwana harusi aje na watu wake, watu wangu wamwone." Kwa mtu mwengine hilo si sharti, ni kawaida, bwana harusi huandamana na wanaume wa kwao, kundi zima, na kundi lile ndilo linalosema huyu ni mtoto wa watu. Lakini Faki angeandamana na nani? Nilikuwa ninapanda ngazi siku ile nikamsikia anazungumza na Bi Thureya sebuleni, na nikasimama, sikuweza kupita. "Ninao baba na ami yangu tu," alikuwa anasema. "Nimezunguka kijiji kizima, mama. Wanaitikia salamu, wanasema inshallah, wanafunga mlango. Siwalaumu, na wao wanaogopana. Nafikiri nimwambie mzee wa Fundo tuahirishe." Bi Thureya akasema, "Usiahirishe. Mwanamke akiahirishwa kwa ajili ya siasa, atakuja kuolewa na nani? Na siasa?" Nikapanda juu taratibu. Hamad alikuwa mezani kwake, mikono imetulia juu ya kibodi, na kwa namna alivyokaa nilijua mbao zile za sakafu zimemletea kila neno.

Faki akapanda, akaketi mezani kwake. Feni ilizunguka. Kisha Hamad akasema, akiangalia skrini yake, "Nikah Jumapili ya mwanzo wa mwezi, sivyo?" Faki akasema ilikuwa hivyo. "Mie n'taandamana nawe." Faki akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kuguswa ndani ya chumba kile. "Hamad, usifanye. Kaka yako atakufanya nini? Utarudi vipi Msuka?" "Kaka yangu hajui hata kompyuta huwashwa wapi," Hamad akasema. "Mambo ya kazini hana amri nayo." "Hii si ya kazini." "Weye nani?" Hamad akauliza, na sasa alikuwa amesimama, na sauti imepanda kama inavyopanda tukigombania lugha. "Weye si mtu wa kazini? Miezi yote hino nimegombana nawe kuliko nilivyogombana na ndugu yangu wa tumbo moja. Nisije harusini kwako, nikagombane na nani?" Umeme ukakatika. Masanduku yakalia. Na hakuna aliyekimbilia kuhifadhi, si Faki, si Hamad, si mimi. Nilipoteza kazi ya asubuhi nzima na sikuijutia. Chini tulimsikia Bi Thureya anatupigia ukelele, "Hifadhini!" na Faki, machozi yanamlengalenga, akaanza kucheka.

Hamad alikwenda Msuka Ijumaa akarudi Jumamosi amenuna. Alimwambia kaka yake waziwazi anakokwenda, na kaka yake akamwambia akienda asimsalimie tena. "Nami nimemsalimia papo hapo, salamu za akiba," alisema Hamad, lakini hakucheka mwenyewe. Jioni ile mimi na Bi Thureya tulivuka kwenda Fundo kulala na wanawake, tukiwa na bakuli la bokoboko alilolipika kwa mikono yake na kulifunga kwa vitambaa vitatu. Sikulala vizuri. Asubuhi nyumba ilijaa. Wanawake wanapika, wanamsinga Salha, wanamfukiza udi, na kila baada ya muda mama yake anatoka mlangoni kutazama upande wa Wete. Wageni wa Fundo walikuwa wamekaa msikitini na kwenye baraza, kisiwa kizima, wanamsubiri bwana harusi na watu wake. Nilimhesabia Faki watu wake kichwani: baba, ami, Hamad. Sikuona namna ya kuwafanya wawe wengi. Bi Thureya alikuwa amekaa pembeni yangu, anapepea, akasema polepole, "Wakija watatu tutapiga vigelegele vya watu mia. Umesikia? Usinionee haya." Nikasema nimesikia.

Adhuhuri haijaadhiniwa, tukasikia mashine. Ilikuwa boti, kisha nyuma yake nyengine, na juu ya ngurumo za mashine ukasikika mlio wa dufu. Tulitoka mbio mpaka kwenye ukuta wa ua unaotazama pwani. Katika boti ya kwanza alikuwamo Faki na joho lake, baba yake sheha mkono wa kulia, ami yake wa kushoto. Nyuma yao boti zimejaa kanzu. Hamad alikuwa amesimama mbele ya boti ya pili akiwa na dufu, anaimba vibaya mno, na waliokuwa naye walikuwa timu nzima ya mpira ya Msuka, wachezaji na akiba na kocha wao, waliokuja na lori la mchanga mpaka Wete tangu alfajiri. Golikipa wao alikuwa amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini, na chini yake soksi za mpira. Baadaye nilisikia kuwa Hamad hakuwaomba kwa maneno mengi. Aliwaambia tu kwamba kuna rafiki yake anaoa na hana wa kumsindikiza, na kocha akauliza saa ngapi. Nyuma kabisa, katika boti ya tatu, kulikuwa na muuza halua wa Wete na sinia lake kubwa, na wanaume wawili wa kijijini kwa kina Faki, wamekaa wamejiinamia, kama watu waliopanda kwa haya na kuogopa kuonekana, lakini wamepanda. Kaka yake Hamad hakuja. Alimnunia mpaka Idi Kubwa, ndipo alipomtuma mkewe kwa Hamad na fungu la nyama ya kuchinja, akamwambia aseme limetoka kwa watoto. Sheha aliposhuka maji yalimfika magotini, na kijana mmoja wa Msuka, ambaye nyumbani kwao jina la sheha yeyote halitajwi kwa wema, alimshika mkono asianguke. Mzee yule alimtazama kijana, akamwuliza anaitwa nani. "Hamad Juma Hamad," akasema kijana. Sheha akasema, "Allah akuhifadhi, Hamad Juma."

Vigelegele nilivyopiga siku ile vilinikausha koo. Baba yake Salha aliwapokea ufukweni mmoja mmoja, na kila aliyempa mkono alimtazama usoni, na kila akimaliza mmoja alikuwa anatabasamu zaidi. Wakaelekea msikitini. Mwanamke mmoja mzee wa Fundo, bibi yake Salha kwa upande wa mama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa amenishika bega ili asimame, akauliza, "Ndugu zake hao wote?" Nikamwambia si ndugu, bibi, ni watu wa kazini. Akageuza uso wake kunitafuta. "Wote hao? Wafanya kazi gani?" Niliwatazama: kocha, golikipa na soksi zake, muuza halua na sinia kichwani, wale wawili wa kijijini ambao sasa walikuwa wanaosha miguu birikani pamoja na wengine, na Hamad anayetafuta mahali pa kuweka dufu.

"Kompyuta, bibi," nikasema.

Bibi akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Mashallah," alisema. "Basi kazi nzuri hiyo."